Viporo vya Nyumbani: Shajara ya Kumalizia Kilichobaki

Jumamosi, 14 Juni

Leo kazi zangu zilizobaki kidogo zimeandikwa kwa mara ya kwanza, na aliyeziandika ni somo yangu, kwa sababu mimi mwenyewe ningeziandika kwa huruma. Kikao cha kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba, kilikuwa kimekwisha, hisa zimenunuliwa na sanduku limefungwa kufuli zake zote tatu, na sisi tunaokaa upande huu wa Ngamiani, mjini Tanga, tukabaki ukumbini tukinywa kahawa. Mazungumzo yaliangukia sweta la mtoto ambalo jirani yangu wa ukuta mmoja alilifuma hadi likabaki mkono mmoja tu, na ambalo mtoto aliyekusudiwa kulivaa sasa yuko darasa la tatu. Tulicheka sana, kisha kila mmoja akaanza kukumbuka vya kwake, na kicheko kikapungua.

Somo yangu, ambaye alifanya kazi ya ukarani kwa miaka mingi na hajaacha tabia ya kuuliza maswali ya karani, ndiye aliyeweka sharti. Hairuhusiwi kusema kuwa kitu hakijaisha. Ni lazima mtu ataje kitendo kilichobaki, kifaa kinachohitajika na mahali ambapo kitu chenyewe kimewekwa. Kwa sharti hilo ukurasa wangu ulijaa upesi kuliko nilivyopenda. Ukili wa mkeka, ule utepe mrefu wa ukindu, umesukwa wote na kuviringishwa, uko juu ya kabati, umebaki kukatwa na kushonwa. Kofia ya mjomba imekwisha kutobolewa na kuzungushiwa uzi vitundu vyote, imo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya droo, imebaki kuunganishwa kifuniko na ukanda. Chumba cha uani kilipigwa ripu kabla ya masika ya mwaka jana, na kimebaki rangi. Mapazia ya sebuleni yananing'inia na pini zake tangu Idd. Kitanda cha kamba cha marehemu bibi kimepata mbao mpya na kamba imenunuliwa, lakini hakijawambwa.

Tulipousoma ukurasa huo kwa sauti, somo alitia alama kila kazi kwa kalamu yake nyekundu, akasema kwamba hakuna hata moja iliyosimama katikati. Kila moja imesimama pale ambapo mkono unatakiwa kubadilika: kutoka kusuka kwenda kushona, kutoka kutarizi kwenda kuunganisha, kutoka mwiko wa fundi mwashi kwenda brashi ya fundi rangi. Kazi ya awali mtu huizoea hata akawa anaifanya huku anazungumza na wageni, lakini hatua inayofuata inamrudisha kuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi anayeweza kuharibu kile ambacho tayari kimependeza. Nimeuchukua uchunguzi huo kama ndio mpango wa kazi. Kwa kila kiporo atatafutwa rafiki mmoja anayeijua hatua iliyobaki, naye atakuwepo siku hatua hiyo inapoanza.

Jumamosi, 21 Juni

Tumeanza na mkeka, kwa kuwa unachukua nafasi kubwa kuliko vyote na kwa kuwa bibi msusi wa mtaa wa pili amekubali kuja. Ni mwanamke ambaye mikeka yake imetandikwa kwenye harusi nyingi za mji huu, na hakuja kusuka wala kushona bali kuketi na kutazama, jambo ambalo alilisema mapema baada ya kuitikia shikamoo zetu.

Ukili wangu una upana wa vidole vinne, yaani inchi tatu hivi, na mkeka ninaoutaka ni wa futi 4 kwa 6. Hesabu yake ni vipande 16 vya futi 6, ambavyo vikipangwa ubavu kwa ubavu vinahitaji mishono 15, na jumla ya mishono hiyo ni futi 90. Nilipoitaja hesabu hiyo bibi alitikisa kichwa, akasema kwamba ndiyo maana watu huuacha ukili juu ya kabati, na kwamba dawa yake ni kutokuhesabu futi bali kuhesabu mshono mmoja kwa kikao kimoja. Somo, ambaye anapenda tarakimu, hakuridhika.

Kabla ya kukata, bibi aliagiza kila mahali pa kukatia pashonwe kwanza kwa uzi pande zote mbili, kwa sababu ukindu uliosukwa ukikatwa bila kufungwa hufumuka wenyewe kuanzia kwenye ncha. Vipande vilinyunyiziwa maji na kufunikwa kitambaa kibichi kwa muda, kwa kuwa ukindu mkavu hupasuka unapochomwa na sindano. Kisha akaonyesha njia ya uzi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mikeka mizuri haionyeshi mshono. Miyaa ya ukindu inapofika ukingoni mwa ukili hukunjwa na kurudi ndani, na mikunjo hiyo huacha vijitundu mfululizo. Shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro na magunia, hupitishwa ndani ya vijitundu vya kipande kimoja na vya mwenzake kwa zamu, hivyo uzi unazama na kingo mbili zinaumana. Ukivuta sana, mkeka utakunjamana ukitandikwa; ukilegeza, vidole vya watoto vitaingia katikati na kuupanua mwanya.

Mshono wa kwanza niliushona chini ya macho yake, na aliufumua mara moja pale ambapo milia ya zambarau ya vipande viwili ilikuwa imepishana kwa unyoya tu. Mshono wa pili aliuacha. Hakusifu, na mimi sikutarajia sifa, lakini alipokuwa akiondoka aliuliza ni lini ataitwa kuangalia wa sita. Ninaandika swali hilo kwa sababu lina nguvu ambayo maneno mengine ya kirafiki hayana. Wifi yangu, kwa mfano, kila alipofika nyumbani mwaka mzima uliopita aliutazama ukili ukiwa bado umeviringishwa na kusema mashaallah, mkeka mzuri, na kila aliposema hivyo mimi niliona kama mkeka tayari ninao. Sifa zikitangulia hulipa ujira kabla ya kazi.

Jumapili, 29 Juni

Chumba cha uani. Masika yamekwisha na upepo wa kusi sasa ni mkavu, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuta. Kijana wa jirani, ambaye ni fundi rangi, alikataa kuzungumza juu ya rangi hadi unyevu upimwe. Alikata vipande vya nailoni nyepesi, akavibandika ukutani kwa tepu pande zote nne, kimoja chini karibu na sakafu, kingine usawa wa dirisha, kingine upande wa bafu, na akataka viachwe hadi asubuhi. Maji yakijikusanya upande wa ndani wa nailoni, ukuta bado unatoa unyevu na rangi itabanduka. Ikiwa kavu, kazi inaweza kuendelea.

Vipande viwili vilikuwa vikavu. Kile cha upande wa bafu kilikuwa na ukungu wa maji, na chini yake kulikuwa na unga mweupe unaopukutika, ambao ni chumvi inayobebwa na unyevu kutoka ndani ya tofali na kuachwa usoni mwa ukuta maji yanapokauka. Katika miji ya pwani kama Tanga jambo hilo ni la kawaida. Uamuzi ulikuwa ni kuziba kwanza mwanya uliokuwa kati ya sakafu ya bafu na ukuta, kuuacha ukuta ukauke kwa muda, na kuikwangua chumvi kwa brashi kavu. Nilitaka kuusafisha kwa maji na sabuni, lakini kijana alieleza kwamba maji huiyeyusha chumvi na ukuta huinywa tena, kisha huitoa upya wiki inayofuata.

Jumamosi, 12 Julai

Nailoni ya upande wa bafu imejaribiwa tena na imetoka kavu. Leo wamekuja watu wengi kuliko chumba kinavyoweza kuwachukua, jambo ambalo lilitulazimisha kufanya kazi kwa zamu, wengine wakipiga msasa na wengine wakishona mkeka ukumbini. Mishono saba imekwisha na bibi aliukagua wa sita kama alivyoahidi.

Nyufa ndogo zimezibwa kwa pati na kulainishwa. Kwa kuwa ripu imekaa zaidi ya mwaka mmoja, ule ukali wa saruji mbichi unaoharibu rangi umeshapungua, ila praima inabaki kuwa ya lazima kwa sababu pati hunywa rangi kuliko ripu na mabaka yangeonekana mchana. Hesabu ya rangi aliifanya somo kwa furaha isiyofichika. Chumba kina mita 3 kwa 3.5 na kuta zina kimo cha mita 2.7; mzunguko wa mita 13 ukizidishwa kwa kimo hutoa mita za mraba 35, na ukiondoa mlango na dirisha hubaki 32 hivi. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mpako mmoja, hivyo mipako miwili inahitaji lita zipatazo 6 na nusu. Tumenunua galoni mbili za lita 4. Muuza duka alitushauri tuchukue ndoo ya lita 20, na pengine miaka iliyopita ningeichukua, kisha ile iliyosalia ingekuwa kiporo kingine uani.

Jumatano, 16 Julai

Mapazia. Haya hayahitaji maelezo mengi. Jirani wa ukuta mmoja alikuja na cherehani yake ya mguu ikisukumwa kwenye mkokoteni, kwa kuwa mshipi wa yangu umelegea, akasema hataondoka nayo kabla pindo halijashonwa. Kitambaa kilichoning'inia tangu Idd kilikuwa kimeshuka kiasi chake chote, jambo ambalo kwa kweli ni faida, maana pazia likikatwa pindo siku linaposhonwa hushuka baadaye na kuburura sakafuni. Tulipima kutoka sakafuni kwenda juu na si kutoka juu kwenda chini, tukakunja pindo la inchi 4 ili lipate uzito, tukapiga pasi kabla ya kushona. Adhuhuri haikutukuta. Pini zimerudi kwenye kopo.

Kilichonishangaza ni udogo wa kazi yenyewe ukilinganisha na muda ambao pini hizo zimekuwa zikinichoma kila ninapofungua dirisha. Jirani alisema kuwa na yeye amelitafuta sweta lake, amelipata, na atalimalizia kwa kipimo kilekile kwa sababu dada yake amejifungua.

Jumamosi, 26 Julai

Praima imepakwa juzi na leo umepakwa mpako wa kwanza na wa pili. Kijana wa jirani alitugawa: wawili wenye mikono mitulivu walishika brashi na kupaka kingo za dari, pembe na fremu za mlango, na waliobaki walifuata na rola kabla kingo hazijakauka, ili mstari wa brashi usionekane. Tulianzia upande wa dirisha tukarudi ndani, kwani mwanga ukipita juu ya rangi mbichi huonyesha mahali rola ilipokosa. Mpako wa kwanza uliongezwa maji kidogo kama kopo linavyoelekeza, na wa pili ukapakwa ule wa kwanza ulipokauka, baada ya chakula cha mchana cha wali na mchuzi wa papa ambacho wifi alikileta.

Kuhusu wifi, napenda kuandika kwa haki. Baada ya somo kumweleza sharti letu, hakusema chumba ni kizuri. Aliuliza swichi ya taa itafungwa lini. Ilikuwa ikining'inia kwa waya wake, na hakuna yeyote kati yetu aliyeiandika kwenye ukurasa kwa sababu macho yetu yalikuwa yameshaizoea. Imeongezwa. Fundi umeme atakuja Jumatatu, na hadi hapo fyuzi ya chumba hicho imetolewa.

Jumamosi, 9 Agosti

Kofia ndiyo iliyonitia hofu kuliko vyote, na nimeiweka hadi sasa kwa makusudi, baada ya mikono kuzoea tena kumaliza vitu. Kofia ya mkono ina sehemu mbili, kifuniko cha juu na ukanda wa pembeni, na kila sehemu ni kitambaa cha tabaka mbili ambacho mchoro wake huchorwa kwa penseli, hutobolewa kitundu kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi ukingoni ili tundu lisifumuke. Kazi hiyo ni ya miezi, hufanyika kwa vipindi, na kosa katika kitundu kimoja hurekebishwa kwa kitundu hichohicho. Kuunganisha hakuna msamaha wa namna hiyo. Kifuniko kikizidi ukanda kwa robo inchi, kofia huinuka mawimbi juu. Kikipungua, ukanda huvutwa ndani na kofia hubana kipaji.

Mwenzetu mmoja wa kikoba, ambaye hushona kofia za kuuza na ambaye mwezi huu ana oda nyingi za Maulidi, aliiacha kazi yake kwa alasiri moja na kuja. Kichwa cha mjomba kina inchi 22 na nusu, na aliupima kwanza ukanda, kisha mzingo wa kifuniko kwa kuuzungusha uzi ukingoni, kwa sababu futi ya kitambaa haipindi vizuri kwenye duara. Tofauti ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Alikikunja kifuniko mara mbili na kuweka alama nne, akafanya vivyo hivyo kwa ukanda, akakutanisha alama kwa alama na kuzishika kwa pini. Kisha akanipa sindano. Nilidhani angeshona yeye, na niliona wazi kuwa wenzangu nao walidhani hivyo, lakini alieleza kwa upole kwamba kofia ni ya mjomba wangu na si wake, na kwamba yeye atashika kitambaa.

Kushona robo kwa robo kunafanya tofauti ile ndogo igawanyike mara nne, kisha igawanyike tena ndani ya kila robo, hadi jicho lisiione. Nilishona kwa mishono midogo ya kurudi nyuma, nikikata uzi kila ninapofika kwenye alama, ili robo moja ikikosewa ifumuliwe peke yake bila kuzigusa nyingine. Robo ya tatu ilifumuliwa, ikashonwa tena. Mwanga wa alasiri ulipopungua tulihamia mlangoni, na jirani akatuletea taa ingawa hatukuwa tumemwomba.

Kofia sasa imefuliwa kwa sabuni ili penseli itoke, imetiwa wanga, na imevalishwa juu ya sufuria ndogo ambayo mzingo wake tulitumia muda mrefu kuutafuta katika majiko matatu. Inakauka kivulini.

Jumapili, 17 Agosti

Mkeka umekamilika mishono yake. Bibi msusi aliutandika, akapita juu yake peku kutoka pembe hadi pembe akisikiliza kwa nyayo mahali palipojikunja, akapapata mahali pawili na kuonyesha kwa kidole bila kusema neno. Pamefumuliwa na kushonwa upya siku hiyohiyo. Pindo limefungwa kwa ukili mwembamba ambao ameusuka yeye, na ambao hakukubali kulipwa, isipokuwa kwa ahadi kwamba nitakwenda kumsaidia kupembua na kuchemsha rangi za ukindu wake mwezi ujao. Nimekubali, na somo ameandika.

Wifi alipouona mkeka ukiwa umetandikwa alisema mashaallah. Safari hii nilimshukuru.

Jumamosi, 30 Agosti

Kitanda kimewambwa. Kamba ni ya makumbi, ambayo hufukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi hadi nyama yake ioze na nyuzi zibaki, kisha hupondwa na kusokotwa, na ndiyo maana ikiwa mpya huwa na harufu kidogo ambayo jua huiondoa. Kuwamba ni kazi ya watu wawili wenye nguvu na mmoja mwenye subira. Kijana wa jirani alivuta, mdogo wake akaipigilia kamba kwa kipande cha mti ili isirudi nyuma, na mimi nikashika hesabu ya juu na chini. Upande wa miguuni umeachiwa nafasi ya kukazia, kwa kuwa kamba mpya hulegea baada ya kulaliwa siku chache. Hakuna kazi ya kamba ambayo huisha moja kwa moja, na hilo limeandikwa kwenye daftari kama matunzo, si kama kiporo. Somo alilitafakari kwa muda kabla ya kuiruhusu tofauti hiyo.

Mjomba amechukua kofia yake na ataivaa kwenye Maulidi. Aliijaribu mbele ya kioo, akaisogeza nyuma kidogo, akauliza kama kuna nyeusi. Swichi imefungwa. Chumba cha uani kina kitanda, mkeka na pazia moja la kitambaa kilichosalia cha sebuleni.

Ukurasa wangu umefungwa, na sasa unafunguliwa wa jirani. Sweta limekwisha na limekwenda kwa mtoto mpya, lakini lina mwenzake: meza ya mninga iliyokwisha kupigwa randa na kuunganishwa, ambayo imekuwa ikisubiri vanishi chini ya turubai. Tutakutana kwake Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Mimi nimepangiwa kuleta msasa namba 120 na 240, matambara ya pamba yasiyotoa nyuzi, na lile kopo la spiriti lililo chini ya ngazi.